Kwa nini wateja wa Malindi walipotea kwenye orodha

Juzi aliingia dukani kwetu mzee mmoja anayeuza leso Mtaa wa Biashara, flashi mkononi. Ndani yake mna orodha ya wateja anaowatumia ujumbe kila mzigo mpya ukifika: jina, namba ya simu, mji, kila mtu na mstari wake. Akakaa, akashusha pumzi. "Mwanangu, kuna bwana mmoja aitwa Ali, ameniomba mara tatu nimtoe kwenye hizi jumbe. Kijana wangu akamtoa. Tangu hapo watu wa Malindi wanipigia simu, mbona wao hawaambiwi mzigo umefika?"

Nikamwomba kijana anionyeshe alichoandika. Ni mstari mmoja tu:

grep -v -i 'ali' wateja.txt > wapya.txt

Amri yenyewe ni nzima. Programu ya grep, aliyoiandika Ken Thompson kule Bell Labs Marekani mwaka 1973, husoma faili mstari kwa mstari ikitafuta herufi ulizoitajia. Ukiiongezea -v, inaigeuza kazi: mistari yenye herufi hizo inaachwa nje, iliyobaki ndiyo inayoandikwa. Na -i maana yake isibague herufi kubwa na ndogo. Kijana alifanya alivyosoma. Lakini kompyuta haijui kama Ali ni mtu. Inaona a, l na i zikifuatana, basi. Sasa hebu andika Malindi kwenye karatasi, uisome herufi kwa herufi.

Mji mzima ulitoka. Wakatoka na Salim wa Likoni, Halima, Khalid, na kila aliyeandikwa Maalim. Tulipowaonyesha kwenye skrini mmoja mmoja, mzee alikuwa akiwatambua kwa sauti: huyu hununua kila Ramadhani, huyu ni bibi harusi wa mwaka jana, huyu alichukua doti kumi za kuuza kwao. Kwenye faili hao ni mistari. Kwake yeye ni riziki yake, na ndiyo sababu kazi hii hatuifanyi kwa haraka hata ikiwa amri yenyewe inamalizika kwa kufumba na kufumbua.

Desturi yetu ni hii: kabla ya kutoa chochote, tunaendesha amri ileile bila -v. Hapo grep inaonyesha ile mistari itakayotoka, na mteja anaiangalia kwa macho yake. Angalifanya hivyo yule kijana, angeiona Malindi imejipanga yote mbele yake. Kisha tunahesabu kwa wc -l: mistari ya faili la mwanzo lazima iwe sawa na iliyobaki ukijumlisha na iliyotoka. Ikipungua hata mmoja, tunasimama.

Ungedhani dawa ni kuongeza -w ili itafute neno zima, Ali peke yake. Malindi inapona kweli, na Salim pia. Ila kwenye orodha ya mzee walikuwamo kina Ali wanne, na aliyeomba kutoka ni mmoja. Jina halifai kumtambulisha mtu kwenye orodha ya Mombasa. Namba ya simu ndiyo inayofaa. Kwa hivyo tukamfungulia faili la pili, waliojitoa.txt, namba moja kila mstari, na amri ikawa:

grep -v -F -f waliojitoa.txt wateja.txt > wapya.txt

Hapo -f inaiambia isome namba kutoka kwenye faili, na -F inaiambia izichukue herufi kama zilivyo, isizitafutie maana nyingine. Kila anayeomba kutoka, namba yake inaongezwa mle. Na wakiomba muwatoe kweli: Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 inampa mtu haki ya kukataa habari zake zisitumiwe.

Sasa hapa pana mitego miwili, nami naomba uisome polepole. Wa kwanza ni mstari mtupu. Mtu akibonyeza enta mara moja zaidi mwisho wa waliojitoa.txt, grep inauchukua ule mstari usio na kitu kuwa nao ni kitu cha kutafutwa, na "si kitu" kinapatikana kwenye kila mstari. Ukichanganya na -v, orodha yote inatoka na wapya.txt inabaki tupu. Wa pili ni kinyume chake. Faili lililohifadhiwa kwenye Windows kwa kawaida lina herufi moja isiyoonekana mwisho wa kila mstari. Namba inakuwa na mkia, haifanani tena na iliyo kwenye orodha, na hakuna anayetolewa. Unaamini umewatoa, kumbe wote wanaendelea kupata ujumbe. Yote mawili yanasafishwa kwa mstari mmoja kwenye Linux:

sed 's/\r$//; /^[[:space:]]*$/d' waliojitoa.txt > safi.txt

Sehemu ya kwanza inakata ule mkia, ya pili inafuta mistari isiyo na kitu. Halafu ndipo unatumia safi.txt.

Namba zenyewe pia ziwe na sura moja. Anayeanza na 0 na anayeanza na +254 ni mtu yuleyule, ila kwa kompyuta ni wawili, na utamlipia ujumbe mara mbili. Wakishakuwa sura moja, waliojirudia wanaondolewa kwa awk -F, '!a[$2]++' wateja.txt, inayobakisha wa kwanza tu kwa kila namba.

Kuna jambo moja lililonifika mwenyewe nilipoanza kazi hii, na bado linaniuma. Niliandika jina lilelile la faili kabla na baada ya alama ya >. Kompyuta hulifungua faili la kuandikia kwanza na kulimwaga, kabla grep haijasoma hata herufi moja. Ilikuwa orodha ya wazazi wa madrasa, na nakala nyingine haikuwapo ila iliyochapishwa kwenye karatasi. Nilikesha siku mbili nikiiandika upya. Tangu siku ile faili la mteja likiingia hapa, la kwanza ni kulinakili na kuliweka kando, na hakuna linaloandikwa juu ya la asili.

Ukituletea orodha yako, iwe ya wateja, ya makontena au ya wapangaji, ilete kama ilivyotoka kwenye mfumo. Tafadhali usiifungue kwenye Excel ukaihifadhi kwanza, maana Excel huzichukua namba za simu kuwa hesabu na kuila ile sifuri ya mbele. Njoo na anayewajua wateja wenyewe, kwa sababu tutakuonyesha mistari inayotoka na ni yeye atakayetuambia nani abaki. Orodha ya duka moja hungojewa hapahapa. Yule mzee aliondoka na faili lake likiwa na Malindi nzima, akiwa amempigia Ali kumwambia ametolewa.