Risala ya Wahitimu wa Kidato cha Nne, Tawi la UKWATA (umoja wa wanafunzi Wakristo wa Kiprotestanti Tanzania), kwa Mgeni Rasmi

Ndugu mgeni rasmi, Mkuu wa Shule, Mwalimu mlezi, walimu, wazazi wetu na wanafunzi wenzetu, Bwana Yesu asifiwe!

Tunakushukuru kwa kukubali kuja. Barabara umeiona mwenyewe, hatutaisema.

Historia ya tawi, idadi ya wanachama na mapato na matumizi, katibu amekuwekea kwenye bahasha. Sisi wahitimu tumeomba dakika hizi tumseme mlezi wetu, ambaye sasa hivi ameinamisha kichwa kwa sababu hakuambiwa.

Mlezi wetu anafundisha Hisabati. Tulipofika kidato cha pili wengi wetu tulikuwa tumeshaizoea F kama jina la ukoo. Siku yake ya kwanza darasani aliita majina, na jina moja halikuitikiwa. Akauliza kama Samweli alivyouliza nyumbani kwa Yese: huyu mmoja yuko wapi? Naye, kama Daudi, alikuwa machungani, ila ng'ombe hawakuwa wa baba yake; alichunga kwa ujira. Jumamosi mwalimu akapanda baiskeli akamfuata. Alikwenda mara tatu ndipo babu akakubali. Mwanafunzi huyo ndiye anayekusomea risala hii.

Nikiruhusiwa kusema kwa nafsi yangu: mtihani wa kwanza nilipata 11. Nilitegemea matusi, maana nilikotoka nilishaambiwa kichwa changu ni cha kubebea maji. Kwenye karatasi nikakuta ameandika mahali patatu, "Hadi hapa uko sawa." Nikaenda kutafuta kilichoharibika baada ya hapo. Muhula uliofuata nikapata 23, halafu 38, na mock ya mwaka huu 54. Kwa watu wa mjini pengine ni alama ya kununiwa. Babu aliibandika ukutani.

Mlezi hakuwahi kutudanganya kwamba maombi yatakokotoa hesabu. Jumatano aliomba nasi kwenye ibada, Alhamisi jioni alikuwa chini ya mwembe na ubao wake. Pale mwembeni wenzetu Waislamu walikuwa wengi kuliko sisi, na mwezi wa Ramadhani alihamishia kipindi asubuhi ili wawahi futari. Tulipomuuliza, alisema Mungu aliyemuumba huyu ndiye aliyemuumba yule, kisha akaturudisha kwenye vipeo.

Ni yeye aliyetusimulia habari za Bruda Peter Tabichi wa Kenya, Mfransisko aliyepewa Tuzo ya Mwalimu Bora Duniani huko Dubai mwaka 2019. Ndiyo, ni Mkatoliki na sisi ni UKWATA, hapo hatukugombana. Zile dola milioni moja zilitushangaza, lakini tulichobaki nacho ni shule yenyewe: Keriko, kule Njoro, kaunti ya Nakuru, shule ya kutwa iliyokuwa na kompyuta moja, na mwalimu aliyekuwa akitoa asilimia 80 ya mshahara wake kusaidia wahitaji. Wanafunzi wake walifuzu kwenda Arizona, Marekani, kwenye mashindano ya kimataifa ya sayansi. Maabara nzuri hawakuwa nayo. Walikuwa na mtu aliyeona wanaweza kabla wenyewe hawajaona.

Mgeni rasmi, hatuwezi kukuachia sifa tupu. Kitabu kimoja cha Hisabati tunakigawana wanafunzi sita, na kinachoazimwa Ijumaa hurudi Jumatatu kikiwa na masizi ya koroboi. Tunaomba utushike mkono tupate vitabu 20 na taa za sola kwa chumba kimoja tu, ili wadogo zetu wasome jioni.

Ombi la mwisho mlezi hakututuma, na tunajua atatugombeza. Baiskeli aliyonifuatia machungani haina breki ya nyuma tangu Machi, na kidato cha pili kuna jina jingine haliitikiwi.

Tunaomba kuwasilisha.

Wahitimu wa Kidato cha Nne