YAH: NEMBO NILIYOLIPIA IGEUZWE VEKTA

Ndugu Meneja,

Salamu. Masharti yenu mnayajua kuliko mimi, sitayarudia. Nililipia nembo yangu igeuzwe vekta, yaani mchoro wa mistari usiopoteza ukali hata ukikuzwa. Nilicholetewa ni picha ileile ya JPEG, ya pikseli, yaani vitone vya rangi, imevishwa kanzu ya SVG, faili la vekta.

Nasema hivyo kwa kuwa nimelifungua faili lenyewe kwa programu ya kuandikia. Ndani hamna mstari wala duara. Kuna tagi moja ya picha, kisha "data:image/jpeg;base64", halafu msururu wa herufi zisizosomeka. Mashine ya kukata stika haikusogea hata kidogo. Kisu kinafuata mistari, pikseli hakizijui.

Nikamwandikia mhudumu wenu. Akajibu: "Picha ikikuzwa sana lazima ipasuke, hata vekta. Jifunze kwanza kutumia kompyuta." Akalifunga lalamiko kabla sijamjibu. Hata vekta! Sasa mimi nilikuwa nalipia nini?

Tena hilo lilikuwa faili la pili. La kwanza, nilisahau kulitaja, liliachiwa programu ichore mistari yenyewe kwa kuifuatisha picha, bila mtu kulikagua. Duara la nje la herufi O, ambalo nukta nne za kushikilia mstari zinalitosha, lilikuwa na nukta 214 na meno kama msumeno. Ule ukungu wa JPEG, madoa yanayotokana na kubana picha, kandokando ya herufi nao ukageuzwa vipande vya rangi vinavyojitegemea.

Lakini la mhudumu ndilo linaloniwasha. Nilimtumia picha ya skrini, nembo imekuzwa asilimia 800, ngazi za pikseli unazihesabu moja moja ukingoni mwa herufi. Nikamuuliza kwa adabu, na "samahani" juu. Yeye ananiambia nikajifunze kompyuta, kisha anabofya "Limetatuliwa". Limetatuliwa na nani?

Naomba nembo ichorwe upya kwa mkono, niletewe SVG na PDF, maandishi yakiwa yamegeuzwa michoro. Hapana. Kadiri ninavyoandika ndivyo ninavyoona hiyo haitoshi: rudisheni fedha zangu zote, kazi nitampa mwingine. Zikipita siku 7 bila jibu, mafaili yote mawili nitayaweka hadharani pamoja na maneno ya mhudumu wenu, neno kwa neno, na shauri nitalipeleka kwa wanaolinda haki za walaji.

Na ile fomu ya kuniuliza kama nimeridhika msinitumie tena. Ya jana nimeijaza, isomeni.

Mteja wenu, kwa sasa.