Barua kwa Mwanangu Masanja, Kuhusu Homa Inayorudi

Nzega, Tabora

Mwanangu Masanja,

Salamu kutoka nyumbani. Mama yako na wadogo zako hawajambo. Uliponiambia juzi kwa simu kwamba homa imekurudia mara ya tatu tangu uende Igunga kumsaidia baba yako mdogo kuchunga, na kwamba usiku unaloa jasho mpaka unabadili shuka, sikupata usingizi. Nimeona nikuandikie, kwa sababu haya nataka uyasome taratibu, kisha uende nayo kwa daktari.

Mwezi uliopita ulinisimulia kwamba ng'ombe alitupa mimba, nawe ukamtoa ndama mfu na zalio kwa mikono mitupu, na kwamba huko mnakunywa maziwa mabichi yakiwa bado na joto la kiwele. Mimi niliupata ugonjwa wa bruselosi, homa ya bakteria wanaotoka kwa mifugo, kwa njia hizo hizo, ulipokuwa darasa la pili. Kwa miezi mitatu nilitibiwa malaria, kisha homa ya matumbo, katika zahanati ambayo hakuna aliyeniuliza kama nafuga. Nami sikusema, kwa kuwa sikujua kwamba homa yangu ilitoka zizini. Jambo hilo nalijutia mpaka leo.

Kilichotutia hofu kubwa kilikuwa damu. Fizi zilivuja, pua ilitoka damu bila kugongwa, na miguuni nikaota madoa mekundu madogo kama ncha za sindano. Katika hospitali kubwa walipima picha kamili ya damu, wakakuta chembe sahani, zile zinazosaidia damu kuganda, ni 31,000 tu kwa kila mikrolita, ilhali mtu mzima huwa nazo kati ya 150,000 na 450,000. Chembe nyeupe na nyekundu nazo zilikuwa zimepungua. Madaktari walihofia saratani ya damu, wakachukua uloto kutoka kwenye mfupa wa nyonga, na katika uloto huo ndimo bakteria walimoota.

Daktari alinieleza jambo ambalo sijalisahau. Chembe nyeupe humeza bakteria ili ziwaue, lakini hawa wa bruselosi hubaki hai ndani yake, wakabebwa mpaka kwenye ini, wengu na uloto, mahali damu inapotengenezwa. Wengu huvimba na kuzuia chembe nyingi kuliko inavyopasa. Na katika uloto, seli ambazo kazi yake ni kuondoa chembe zilizochakaa huweza kuanza kumeza hata zilizo nzima. Hata David Bruce, tabibu wa jeshi la Uingereza, alipowagundua bakteria hawa huko Malta mwaka 1887, aliwapata katika wengu za askari waliokufa kwa homa. Ilichukua miaka mingi zaidi, hadi 1905, kubainika kwamba mbuzi wa kisiwa hicho ndio waliobeba ugonjwa.

Nilipewa dawa mbili za kuua bakteria, doksisaiklini na rifampisini, kwa wiki sita. Rifampisini hugeuza mkojo kuwa wa rangi ya chungwa, kwa hiyo usishtuke ukipewa. Wiki ya tatu nilijiona nimepona, nikaacha dawa. Homa ikarudi pamoja na maumivu ya kiuno, nikaanza upya. Nilipomaliza dozi yote, damu yangu ilirejea yenyewe bila dawa nyingine.

Kuna pia homa ya mgunda, inayoletwa na mkojo wa panya kwenye maji ya majaruba. Nayo hushusha chembe sahani, hutia macho umanjano na kuharibu figo. Kwa kuwa mnalima mpunga, litaje hilo pia.

Nenda hospitali Jumatatu, usingoje mnada upite. Sema waziwazi kwamba unachunga, unakunywa maziwa mabichi na ulishika zalio, kisha uombe kipimo cha bruselosi pamoja na picha kamili ya damu. Ukiona damu puani, kwenye fizi au kwenye choo, usingoje hata hiyo Jumatatu. Mwambie baba yako mdogo achemshe maziwa mpaka yafoke, amtenge yule ng'ombe, amwite mtaalamu wa mifugo, na asimguse mnyama anayezaa bila glovu. Nimetuma nauli na fedha za vipimo kwa simu yake. Nipigie majibu yakitoka, hata kama ni usiku.

Ni mimi baba yako.