Saa za tiketi ya Nairobi–New York

Mhariri,

Ukiuliza safari ya moja kwa moja kutoka Nairobi hadi New York huchukua muda gani, mmoja atakwambia saa 7, wa pili 15, wa tatu 22. Huenda wote wamesoma tiketi ileile.

Chukua tiketi ya Januari. Ndege inaondoka Nairobi saa 5:30 usiku na kutua saa 12:30 asubuhi. Katikati hapo mna saa 7, lakini kila saa kwenye tiketi ni ya mji wake. New York iko nyuma yetu kwa saa 8. Kuanzia Jumapili ya pili ya Machi hadi Jumapili ya kwanza ya Novemba, wakishasogeza saa zao mbele, tofauti huwa 7. Ukienda, jumlisha: 7 na 8 ni 15. Ukirudi, toa: kuondoka saa 6:30 mchana na kutua saa 4:30 asubuhi ya pili yake ni saa 22 kwa macho. Ondoa 8, zinabaki 14.

Saa moja hiyo imepotelea wapi, na umbali ni uleule wa kilomita kama 11,800? Imeliwa na upepo. Juu ya Atlantiki ya kaskazini, kwenye kimo cha kilomita 10 hadi 12, pepo kali huvuma kutoka magharibi kwenda mashariki, na wakati wa baridi huzidi ukali. Anayekwenda Marekani anapambana na upepo wa omo, kama wasemavyo manahodha, anayerudi anasukumwa. Ndiyo maana kugawa kilomita kwa mwendo wa 900 kwa saa, ukapata saa 13, hakutoshi. Tena ratiba huhesabu tangu ndege inapoachia geti hadi inapofika geti la pili, pamoja na foleni ya kurukia.

Kuondoka usiku nako kuna faida. Uwanja wa Jomo Kenyatta uko mita 1,600 hivi juu ya bahari, hewa ni nyepesi, na jua la mchana huizidisha wepesi. Ndege iliyobeba mafuta ya saa 15 huruka vizuri zaidi kukiwa na ubaridi.

Lakini kinachowaachisha watu ndege hasa ni tarehe. Tiketi ikiandika tarehe 15, 00:25, hiyo ni saa 6:25 usiku wa kuamkia tarehe 15. Uwanjani unatakiwa tarehe 14, saa 3:25 usiku. Atakayetoka nyumbani jioni ya tarehe 15 ataambiwa ndege yake imeshatua. Mawakala wa tiketi wangeandika tu “usiku wa kuamkia” kwa kalamu pembeni ya tarehe, haigharimu kitu.

Msomaji,
Nairobi