Somo, Usifungue Hedi Kwanza

Ngamiani, Tanga
Jumapili jioni

Somo yangu,

Assalaam aleikum. Sisi huku hatujambo, joto tu. Shemeji yako anakusalimu, anauliza lini utawaleta watoto waogelee Raskazone kama ulivyoahidi.

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara mbili. Lori linatoa moshi mweupe, kila ukitoka Kiwangwa na mananasi unakuta maji ya rejeta yamepungua, chini hakuna hata tone, na fundi ameshatangaza kwamba gasketi inayoziba chini ya hedi imeungua, tafuta hela tushushe hedi, ule mfuniko mzito wa juu ya injini. Huenda ni kweli. Mara nyingi huwa kweli. Lakini mwaka jana niliambiwa hivyo hivyo, nikalipa. Hedi ikafunguliwa, ikaenda kuskimiwa isawazike, gasketi mpya ikafungwa. Safari ya kwanza kutoka Muheza na machungwa, kabla sijafika Pongwe, utingo ananigonga begani: bosi, tazama kioo cha nyuma. Moshi ule ule.

Simlaumu fundi peke yake. Miezi miwili nzima nilikuwa najaza maji ya bomba kila asubuhi, najiambia ni jua.

Basi anza na moshi wenyewe. Dizeli isiyoungua nayo hutoa moshi mweupe, ila huo unanuka dizeli, unawasha macho, na mara nyingi hupungua injini ikishapata moto. Huo chanzo chake kitafute kwenye nozeli zinazopuliza dizeli, au taimingi ya kupuliza, si kwenye rejeta. Mvuke wa maji hauwashi, unayeyuka haraka hewani, na kama maji yanaingia ndani unaendelea hata injini ikiwa ya moto. Watasema kulanti, ile dawa ya kutia kwenye rejeta, inanuka utamu utamu. Kweli, lakini wewe na mimi tunatia maji matupu, kwa hiyo pua haitatusaidia kitu. Nilichofanya ni kuweka karatasi nyeupe mbele ya bomba la moshi kwa muda mfupi. Karatasi ikakauka, ikabaki na masizi tu. Ingekuwa dizeli, doa la mafuta lisingekauka.

Halafu chomoa kijiti cha oili na ufungue mfuniko wa oili. Ukiona rangi ya chai ya maziwa, liegeshe hapo hapo, usiliwashe tena mpaka lipate fundi. Yangu ilikuwa safi, na hilo peke yake lingetosha kunitia shaka. Gasketi inaweza kuungua bila maji kugusa oili, lakini ningeuliza maswali mengine kabla ya kutoa hela.

Asubuhi, injini ikiwa baridi kabisa (ya moto usiguse mfuniko, somo, nimemwona mtu akichunika uso), jaza rejeta mpaka mdomoni, acha wazi, mwambie utingo awashe. Mapovu machache ya mwanzo ni hewa iliyonasa. Yakija mfululizo kama chungu cha maharage, na yanazidi ukikanyaga mafuta, huo ni moshi wa silinda unaingia kwenye maji: gasketi, au hedi imepasuka. Siku nyingine, mfuniko ukiwa umefungwa, bonyeza hosi ya juu ya rejeta muda mfupi tu baada ya kuwasha. Ikiwa ngumu wakati maji bado baridi, jibu ni lile lile. Yangu haikutoa mapovu, na hosi ilikuwa laini. Hakuna aliyeniambia nitazame hayo kabla ya kufungua.

Aliyenitoa ni mzee mmoja mwenye banda huku Ngamiani. Hakushika spana siku ya kwanza. Alifunga pampu ya mkono yenye saa ya mshale kwenye mdomo wa rejeta, akapampu mpaka kipimo kilichoandikwa kwenye mfuniko wenyewe, lori likalala hivyo. Usizidishe kipimo hicho, utapasua kitu kizima. Asubuhi mshale umeshuka, chini pakavu: maji yanapotelea ndani. Akatoa nozeli zote, akaniambia nipige stata. Hapo angalia matundu kutoka pembeni, usiiname juu yake: silinda yenye maji itayarusha kama bomba la zimamoto. Na ndiyo sababu ya kuzitoa kwanza, kwa kuwa maji hayakubali kubanwa. Ukipiga stata silinda imejaa, utakunja koni rodi, ule mkono wa pistoni. Zangu zote zilikuwa kavu.

Ndipo akafungua bomba linalorudisha moshi kwenye injini, baada ya kile kipoza moshi ambacho mafundi wanakiita EGR kula. Yangu jina liliifaa, ilikuwa inakula maji kweli. Kawaida humo ndani ni masizi meusi tii. Mle ndani masizi yalikuwa yameoshwa, chuma kinang'aa, na kutu kidogo. Akakiziba matundu ya maji, akakitia hewa kikiwa ndani ya pipa la maji, mapovu yakatoka kwenye ufa usioonekana kwa macho. Moshi wa moto unapita upande mmoja, maji upande wa pili. Ukuta ukitoboka, maji yanavutwa ndani na kutoka kama mvuke. Ukipanda mlima na mzigo kinakunywa zaidi. Ndiyo maana ile safari ya Lushoto nilisimama Soni nikiomba maji kwa akina mama wanaouza matunda.

Lako likiwa la zamani huenda halina kitu hicho. Basi kipimo kikionyesha maji yanapotelea ndani, ni gasketi, hedi au laina, lile bomba ambamo pistoni hupanda na kushuka, na laina hutobolewa kutokea upande wa maji, hasa sisi wa maji ya bomba. Mimi sasa natia kulanti nusu kwa nusu na maji safi. Ghali, najua.

Pampu ya yule mzee nimeifunga kwenye gunia dogo, nimempa dereva wa basi la kesho, mpokee Msata. Ndani mna mifuniko mitatu ya kuunganishia, jaribu mpaka mmoja ukae. Fanya kipimo usiku, unipigie asubuhi ukishaona mshale umesimama wapi, kabla fundi hajafika. Na irudi kabla ya Ijumaa, mzee ana lori la mkonge linamsubiri.

Ni mimi,
Somo yako