Maji ya juu ya mtindi siyo dalili kwamba umeoza

Juzi mama mmoja alirudi dukani kwetu hapa Mwanjelwa, Mbeya, na ndoo yake ya lita tatu. "Mwanangu, mtindi wenu umeoza, tazama maji haya." Kweli, maji ya kimanjano yalikuwa yametanda juu. Nikachukua mwiko, nikakoroga mbele yake, tukaonja wote wawili. Ulikuwa mkali kuliko siku aliyonunua, ila ulikuwa mzima kabisa.

Maziwa yetu yanatoka kwa wafugaji wa Rungwe. Tunayachemsha kwanza, na hapo hatuna mjadala, maana maziwa mabichi hubeba magonjwa ya mifugo yanayompata na binadamu, kama brusela na kifua kikuu cha ng'ombe. Yakishapoa hadi uvuguvugu tunatia mtindi wa jana kidogo kama mbegu. Bakteria waliomo wanakula laktosi, yaani sukari ya maziwa, na kutoa asidi inayoyagandisha. Baridi ya Juni na Julai huwachelewesha mno, ndiyo maana miezi hiyo ndoo zetu zinalala chini ya blanketi. Ukifika nao nyumbani bado wako hai. Ukiuacha mezani wanaendelea kula, ukali unapanda, maji yanajitenga. Koroga, unywe. Ukiona ukungu au ukisikia harufu ya uozo, hapo urudishe, tutakubadilishia.

Wapo wateja wanaosema maziwa yanawakataa. Watu wazima wengi, miili yao huzalisha kidogo kile kimeng'enya cha kuvunja laktosi. Sukari hiyo inafika utumbo mpana ikiwa nzima, bakteria wa huko wanaichachusha, tumbo linajaa gesi, wengine wanaharisha. Kwenye mtindi sehemu ya sukari imeshaliwa, tena bakteria wake husaidia kuivunja iliyobaki. Anza na nusu glasi, usikilizie.

Lakini niseme ukweli hata kama mimi ndiye muuzaji: bakteria wa mtindi ni wapita njia. Wenyeji wa utumbo mpana wanataka nyuzinyuzi, nazo hazimo kwenye maziwa. Zimo kwenye dona, maharage, mboga za majani na maparachichi tuliyojaliwa huku kwetu. Wakizipata hutengeneza asidi, mojawapo butireti, ambayo ndiyo chakula kikuu cha seli za ukuta wa utumbo mpana. Mtu anayekula sembe tupu mwaka mzima halafu anategemea kikombe cha mtindi kimtengeneze tumbo, anawanyima chakula wenyeji ili akaribishe wageni.

Jambo moja linaniumiza: watu kuja kutafuta mtindi kama dawa ya vidonda vya tumbo. Vingi husababishwa na bakteria aitwaye Helicobacter pylori. Barry Marshall na Robin Warren walipata Tuzo ya Nobel mwaka 2005 kwa kumgundua. Huyo anatibiwa kwa dawa za hospitali, na dozi inamalizwa. Antibayotiki huua na bakteria wazuri, kwa hiyo kunywa mtindi ukiwa kwenye dozi ni sawa, ila muulize anayekupa dawa muda wa kuachanisha, kwani zipo zisizopatana na maziwa. Kuacha dozi ili unywe mtindi, hapana.

Yule mama hakubadilisha ndoo yake. Aliniuliza kama anaweza kuutumia kama mbegu. Nikamwambia: vijiko viwili vya chakula kwa lita moja ya maziwa yaliyochemshwa, yapoe mpaka kidole kisafi kivumilie, funika, usiyatikise hadi kesho.