Kiti kwanza, saa ya mapigo baadaye

Mhariri,

Naomba nafasi nizungumze na wenzangu wapya wa baiskeli, manake siku hizi Jumapili alfajiri ukivuka daraja la Nyali waona makundi mpaka raha, vijana kwa wazee, lakini baada ya miezi mitatu nusu yao huwaoni tena, ukiuliza waambiwa aah, inaumiza ile. Jamani, baiskeli haitakiwi kuumiza.

Mie nlianza mwaka jana na baiskeli ya mtumba ya resi, nkaipanda vile vile nlivyouziwa. Kufika Mtwapa kidole kidogo na mwenzake vimekufa ganzi mikono yote miwili, magoti yawaka moto, na makalio ndo usiseme. Kumbe kiti kiko juu sana na ncha yake imeinamia mbele, kwa hivyo uzito wote wateremkia viganjani na kubana mshipa wa fahamu unaokwenda kwenye vile vidole. Fundi mmoja mzee wa Kongowea aliniegemeza ukutani, akaniambia weka kisigino kwenye pedali ikiwa chini kabisa, mguu unyooke bila nyonga kuinama upande, ukirudisha sasa mbele ya wayo goti lakunjika kidogo, basi hapo ndo penyewe. Kiti akakilaza sawa. Alafu akanitolea upepo, mie nlikua natia upepo wa psi 110 (kile kipimo cha pampu) kwenye tairi jembamba la milimita 25 nkidhani tairi gumu ndo mbio, na nina kilo 64 tu, akashusha mpaka 80 na barabara ikawa kama nyengine. Na ile bukta ya sponji haivaliwi na chupi ndani, mishono ya chupi ndo inayochubua, watu waona haya kuambiana hili.

Sasa mapigo ya moyo. Wengi wamenunua saa ya kupima mapigo na kukariri 220 toa umri, ati ndo mapigo ya juu kabisa ya moyo kwa dakika. Mie nina 42, kwa hivyo mwisho wangu ati 178. Siku moja napanda lile daraja nkasoma 185, nkashuka nkakaa kando ya barabara natetemeka nkijua nakufa. Nlienda kupimwa, moyo mzima. Hesabu ile ni wastani wa watu wengi, wewe mwenyewe waweza kuzidi au kupungua kwa mapigo 10 na zaidi. Na saa ya mkononi hukosea ikitikisika, mkanda wa kifuani una uhakika zaidi, ila uulowanishe kabla ya kuvaa.

Tena kuna joto letu hili la pwani. Saa kumi na mbili asubuhi naenda na 135, saa tatu spidi ile ile nasoma 150, manake moyo wafanya kazi mbili, kulisha miguu na kupeleka damu kwenye ngozi mwili upoe, na unyevu huu jasho halikauki. Usishindane na hiyo namba, punguza gia, kunywa maji.

Kwa mgeni kipimo bora ni mdomo. Ukiweza kusema sentensi nzima bila kukatika pumzi, hapo ndo pa kujengea, na safari zako nyingi ziwe hapo hata kama kundi lakuacha. Nyinyi mnaoongoza makundi, tafadhali wasubirini.

Na anayetumia dawa za presha amuulize daktari wake kabla ya kufuata namba yoyote, kuna dawa zinazozuia mapigo kupanda, saa itamwambia anaenda polepole na kumbe amejichosha vibaya.

Mpanda baiskeli,
Kisauni, Mombasa